Shingo ya Mama Neema

Jumanne, Kasulu

Haki imepatikana leo, ikalala kitandani kwangu na kukoroma.

Juzi Mama Neema alikuja na shingo iliyokakamaa kwa kubeba mikungu ya ndizi kichwani hadi sokoni. Nilimkanda, nikamdunga sindano zangu nyembamba za Kichina, zile zisizo na dawa, kisha nikamwongezea hotuba: maumivu haya si ugonjwa, ni mgawanyo mbaya wa mizigo nyumbani, na mume wako naye ana kichwa. Mwalimu wangu wa sindano hafundishi hayo. Nimejiongezea mwenyewe, maana nataka kuwa mtabibu wa wanyonge.

Leo amerudi na mume wake. Mzee alibeba mkungu mmoja tu, jana. Sasa hawezi kugeuza shingo.

"Dada, si ulisema abebe? Kabeba," Mama Neema akaniambia.

Hapa kwangu anayewahi ndiye anayehudumiwa, awe diwani au mkimbizi. Mama Neema ndiye aliyewahi. Akampa mume wake zamu yake, akakaa kwenye benchi na shingo yake ileile. Sheria yangu haikuwa na kifungu cha hilo.

Mzee alipopata sindano akasinzia palepale kitandani, akakoroma. Nikamwambia mama, "Sasa nikukande wewe, hapohapo ulipokaa."

Alikuwa tayari anasokota kitenge kuwa ngata ya kuweka kichwani. "Nikitoka sokoni, dada. Mkungu wa leo uko hapo nje."

Mkungu ule mtu hawezi kujitwisha peke yake. Nikamtwisha mimi.