Misimu Kumi na Moja Dunguni

Jumapili, 20 Mei 1956
Pentekoste. Leo nimeaibika mimi! Mimi ambaye Ifakara nzima hakuna mwenye mpunga kama wangu. Nilimruhusu mke wangu Apolonia aje Misa, binti yetu Balbina akabaki shambani kuamia ndege. Kanisa kimya. Kengele ya mageuzo ikalia — Apolonia akaruka. Huyaa! Huyaa! Anazungusha mkono kama ana kombeo. Watu wamecheka mpaka wakaficha nyuso. Nje jirani yangu Melkiori akasema, mzee mwenzangu, hata malaika mnawafukuza? Nikamwambia akatazame shamba lake, ndege wamekula nusu.
Nyumbani nikamkaripia mke wangu. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kinavuta, kinavuta. Dunguni, juu ya kichanja cha kuamia, hufungwa hapo kamba ya makopo ya kutisha ndege, mikono ibaki na kombeo. Lakini nyumbani hakuna kamba.

Jumatatu, 21 Mei
Nimemrudisha shambani. Ndege hawana sikukuu.

Jumanne, 22 Mei
Balbina kaja anatweta. Mama hali chakula tangu jana. Anasema ukila, wanashuka. Jua lilizama, ndege wakaondoka, yeye bado anapiga kelele. Nikasema hilo jini, tutafute mganga. Balbina akasema, Baba, jini gani? Mama amechoka.
Kuchoka! Dunguni si mtu anakaa tu? Mimi nimefyeka bonde lile peke yangu, viboko wananijua kwa jina.

Alhamisi, 24 Mei
Tumempeleka dispensari. Shamba nimemwomba Melkiori alitazame — nimemwomba, mimi! Dresa Dionisi, kijana mwenye adabu, kaniamkia vizuri. Akauliza mama ameamia misimu mingapi. Nikajibu kwa sauti, wa kwenye foleni wasikie: kumi na moja, hatujapoteza hata debe!
— Kila siku, mzee?
— Kila siku.
— Alfajiri mpaka giza?
— Ndiyo.
— Na nani humpokea?
Foleni yote inanitazama.
Dresa akasema hana homa wala jini. Mtu akikaa macho kwa hofu miaka yote hiyo, kichwa kinasahau kupumzika. Asilione shamba mpaka mavuno yaishe. Nikaahidi mbele ya Balbina.
Kuna neno sikumwambia dresa. Msimu wa tano Apolonia aliomba siku mbili tu, akaone kaburi la mama yake kule Malinyi. Nikamwambia kaburi haliruki, ndege wanaruka. Kilabuni walicheka sana nilipolisimulia. Nimelisimulia mara nyingi.

Ijumaa, 25 Mei
Dunguni mwenyewe. Balbina yuko nyumbani na mama yake.
Kazi ya kukaa! Saa nne shingo imekufa. Ukiwafukuza kulia wanatua kushoto. Ukienda haja wanatua. Hakuna wa kusema naye. Nimemwita Melkiori ng'ambo ya mfereji, nikamsalimu kwanza! Akacheka: leo bwana shamba kapanda juu?

Jumamosi, 26 Mei
Sikula. Ukila, wanashuka.
Siku mbili tu hizi. Nimejaribu kuhesabu siku za misimu kumi na moja, nimeacha.

Jumapili, 27 Mei
Sikwenda Misa. Naandika huku huku juu. Asubuhi nilisinzia kidogo, wakala kona nzima upande wa mto. Kona yangu! Nimelia. Mzee kama mimi.
Sasa mpunga unatikisika — Apolonia huyo. Balbina atakuwa bado kanisani. Ana bakuli limefunikwa jani la mgomba. Anatabasamu! Sijui lini mara ya mwisho. Anasema, Baba Balbina, shuka ule ubwabwa, mimi nipo.
Nimwambie rudi nyumbani. Nilikwisha ahidi. Neno moja tu hilo.
Ameshapanda. Kaketi hapa ubavuni, macho yake yako angani, hanioni. Kundi linakuja toka mtoni, jeusi kama moshi.
Naandika ili mikono iwe na kazi. Kamba iko kwenye kidole changu. Ameinama, ameanza kuifungua aifunge kwenye chake. Mguu sijauondoa, namwachia.