Objectif ya bamama

Chancelvie, ninachoka. Ninachoka kabisa.

Unakumbuka vile tulichagula zile objectif tatu, vioo vya mbele ya kamera yangu? Ile ya zamani, yenye inalainisha sura na inatia giza pembeni, ulisema: "Iyi njo ya bamama."

Njo nilipiga nayo maman Wivine wa Ruashi, juu ya anniversaire yake ya leo, siku ya kuzaliwa. Bana yake balitosha foto kubwa, balitia mu cadre ya mbao, banaifunua mbele ya bantu yote.

Maman anaangalia, anasema: "Munatayarisha kilio yangu?"

KILIO, Chancelvie!! Na iko kweli. Sura inang'aa, nyuma yote inapotea, giza pembeni: njo ile foto banabebaka mbele ya sanduku ya maiti. Miye sikuona. Weye pia haukuona!

Ninaomba pardon. Ninamuambia nitapiga ingine na ile objectif kali, yenye inaonyesha kila kitu.

Anashika mukono yangu polepole: "Piga. Lakini iyi uchunge kwako. Siku ile bana batakuwa banalia, habataweza kuchagula foto."

Cadre iko hapa ku meza yangu. Sijui niiweke wapi.