Shemeji na Machipukizi ya Karanesheni

Sijampiga, mwenzangu! Ningempiga vipi na goti hili bovu?

Ni shemeji, kaka wa mke wangu, huyu wa nyumba ya pili. Lile ua langu, ile karanesheni nyekundu, imezeeka, mwakani haifiki. Nilikuwa nangoja machipukizi yake niyaoteshe. Kaja kunisalimia, kayanyofoa yote. Yote!

Nilimwona dirishani, nikanyamaza. Wakati wa kuaga nikamwambia, "Shemeji, karanesheni inapenda maji. Asubuhi, mchana, jioni."

Uongo mtupu! Maji mengi yanaiozesha.

Sasa leo tunanawa mikono tule, anauliza kwa upole, "Shemeji, karanesheni ikioza shina, dawa yake nini?"

Ananiuliza dawa! Mimi!

Nikasema kwa sauti, "Kwani wewe unayo? Kakupa nani?"

Dada yake kamkazia macho: "Kaka, sema."

Nikasema hapa hali mtu mpaka alete kilichobaki. Kaenda mbio, karudi na kikopo. Chipukizi moja tu ndilo zima. Kidogo kisasi changu kinimalizie mbegu!

Nimeliweka kando ya sahani yangu. Ndipo tukakaa wote, tukala. Shingo ya kuku nimempa yeye.