Mteremko Wetu wa Kisegi

Jumatatu, 3 Machi
Nimesahihisha insha za Kidato cha Pili mpaka chai ikapoa. Akinyi ameuliza darasani kwa nini Kiingereza kina majina mengi ya mteremko. Nachukia kukosa jibu. Nimeazima kamusi ya asili za maneno. Brae, neno la Waskoti, limetoka kwa watu wa kaskazini. Kwao lilikuwa kope za jicho. Kope. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 5 Machi
Bank, ukingo wa mto, ni ndugu yake benchi. Gradient imetokana na hatua, Kilatini. Ramp ilikuwa kupanda kwa kutambaa, Kifaransa. Kumbe watu walianza na miili yao na viti vyao, si na mlima.

Jioni shemeji yangu Ouma alipita. Hakuketi. Miaka mitatu anangoja mimi na kaka yake tuhame boma la mama yao, ndipo naye ajenge lake. Kwa Waluo mdogo hamtangulii mkubwa.

"Shemeji, mwezi ikiisha kama hamjahama, mimi najenga. Chira ikuje tu."

Chira, balaa la kuvunja mwiko. Mama mkwe alisikia, akaacha kula. Naona aibu. Anayechelewesha ni mimi na ramani zangu za nyumba.

Alhamisi, 6 Machi
Slope. Kamusi inasema labda ni kuponyoka, kuteleza. Haina hakika. Napenda kitabu kinachokiri. Tena slope haisemi kama unapanda au unashuka. Kiswahili kinakubana: mteremko au mpando? Lazima useme umesimama wapi.

Jumamosi, 8 Machi
Siku mbaya. Tulifika kiwanjani kwetu, mteremkoni Kisegi, alfajiri kuanzisha boma. Jogoo, shoka, moto, vyote vya mila tayari. Mzee Ogola, baba mdogo wa mume wangu, ndiye wa kusimika nguzo ya kwanza. Mashimo ya lango nilishachimbisha juu, kando ya barabara. Nyumba ingekaa chini, karibu na ziwa. Nilitaka gari lifike.

Mzee aliangalia juu, akaangalia chini.

"Nyinyi mnataka watu waingie kwa kichwa ya mama ya nyumba?"

Akaondoka na jogoo kwapani.

Odhiambo, mume wangu, alijua siku zote. Aliniachia kwa kuchoka kubishana. Nina hasira naye. Na mimi mwenyewe zaidi. Mkuria mzima wa Migori, miaka tisa kwa Waluo, najua kope za watu wa kaskazini na sijawahi kuuliza lango la hapa linakaa wapi.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa nilikwenda kwa mzee. Nilimkuta akitia mpini kwenye jembe. Nimemwuliza kama ninavyouliza kamusi, swali baada ya swali. Alifurahi, nadhani. Alinipeleka hadi mwisho wa boma lake, tukasimama langoni, chini kabisa.

"Angalia, nyar Kuria. Nyumba ya mama iko juu. Mgeni anapanda, unamwona kutoka mbali. Lango ikiwa juu, anakupata na mgongo."

Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Ndivyo anavyoniita akiwa hana kinyongo. Niliuliza kama atarudi kusimika nguzo. Akasema jogoo bado yuko hai.

Ijumaa, 14 Machi
Tumefukia mashimo ya juu; nyumba ndiyo itakaa huko. Mapya ya chini amechimba Ouma mwenyewe. Gari litaishia barabarani. Basi, lilale huko.

Jumamosi, 15 Machi
Nguzo ilisimama kabla ya jua. Nilibeba moto, moshi ukaniliza. Kufikia saa kumi nyumba ilikuwa na mabati. Ndogo, inanuka udongo mbichi. Mama mkwe amekula vizuri leo.

Nimeketi mlangoni na daftari. Ziwa limetulia. Jumatatu nitampa Akinyi orodha ya maneno, na kumwuliza kwao lango linaelekea wapi.

Nilimwona Ouma tangu alipoingia langoni, chini kule. Alipanda polepole, jembe begani. Aliketi. Akaomba chai.