Kwa Barasa, Aliyedaiwa Kuwa na Nyumba ya Pili

Barasa, rafiki yangu,

Nimekuja na hasira, na leo huna pa kukimbilia. Ulipokuwa hai, kila nilipoanza kueleza jambo ulikuwa unainuka kwenda kuchochea moto. Sasa utanisikiliza mpaka nimalize.

Nianze na mazishi yako. Tulikusafirisha mpaka kwenu, ng'ambo ya mpaka, chini ya Mlima Elgon. Wakenya wenzako wa Nakivubo, hapa Kampala, walikodi basi zima, wakaimba njia nzima. Mchungaji hakurefusha, na mvua ilisubiri. Ubaya ulikuja baada ya kukuzika.

Desturi yenu unaijua kuliko mimi, lakini acha niieleze, maana bila hiyo hutaelewa nilivyodhalilika. Baada ya maziko wazee wa ukoo waliketi na watu uwanjani, wakauliza nani ana dai kwa marehemu. Anayekudai aseme, mwenye mtoto wako amlete, ili mjane asije kusumbuliwa kesho. Ni desturi yenye busara. Hata sisi Waislamu huulizia madeni ya maiti. Hakuna aliyedai kitu, nikadhani tumemaliza. Ndipo kaka yako mkubwa akanigeukia, kwa adabu kabisa, mbele ya watu wote.

"Hajji, wewe ndiye uliyekuwa unasafiri naye kila mwaka. Tuonyeshe nyumba yake ya pili. Hatutamfukuza mtu. Tunataka watoto wetu tu."

Nyumba ya pili, Barasa. Wewe, ambaye huko porini ulikuwa ukikunja shati lako kama unamwogopa aliyelipiga pasi.

Nilisimama nikawaeleza. Niliwaambia kwamba tulikuwa tunakwenda Kidepo, mbuga ya taifa iliyo pembeni kabisa ya kaskazini-mashariki, Uganda inapopakana na Sudan Kusini na Kenya. Kwamba kule kuna kambi ndogo juu ya mwinuko wa mawe, haina ukuta wala umeme, ina choo cha shimo, mahali pa moto na nafasi ya mahema machache. Kwamba tulikuwa tunaketi tukitazama bonde, basi. Mzee mmoja akauliza ni nani aliyekuwa akitulipa kwa kazi hiyo. Nikamjibu kwamba tulikuwa tunalipa sisi wenyewe.

Watu wakacheka. Msibani kwako, Barasa, walicheka.

Nilijaribu kuwaelewa, ndiyo kazi yangu. Kwao hema ni la askari na la mkimbizi. Mtu mwenye nyumba ya matofali Kampala, mwenye godoro na chandarua, aende kulala chini mahali penye simba, kwa hiari yake, na alipie? Hapo lazima pana mwanamke, au pana mganga. Basi nikaeleza zaidi. Nikaeleza habari za mvua na nyasi, kwa nini nyati hukusanyika katika bonde lile kiangazi kikianza. Nikaona sura zinazidi kukunjamana. Mama mmoja aliyeketi nyuma akasema, na hakupunguza sauti, "Huyu Hajji anaeleza sana. Ukweli huwa mfupi."

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na sikuwahi kushindwa somo kama lile.

Mkeo alikuwa ameketi mkekani ananitazama. Yeye hakucheka. Afadhali angecheka.

Halafu wakagawana nguo zako, na mjomba wako akachukua hema. Nimesikia sasa linafunika mahindi. Hema lile tulilolishona wenyewe zipu ilipokufa, leo linakinga mahindi na mvua! Hilo sikulisema kwa mtu, nakwambia wewe.

Tuliporudi Kampala maneno yalikuwa yamefika kabla yetu. Mkeo, Mama Nasimiyu, amefungua tena duka lako la vitasa na bawaba, na lazima nikwambie ukweli, anauza vizuri kuliko wewe. Wale wateja wako wa bei ya kirafiki wamekoma. Lakini majirani wa dukani hawamwachi. Kijana yeyote mwenye paji pana kama lako akipita, mmoja anamgusa mwenzake kwa kiwiko: huyo je? Wanadhani hasikii. Anapanga bawaba zake huku anasikia kila neno.

Na mimi alinibadilikia. Miaka yote aliniita shemeji. Tangu mazishi nikawa Hajji, kama mteja. Nikienda kumjulia hali, ananipa kiti, ananipa chai, hanipi maneno. Machoni pake mimi ndiye niliyekuwa nakushikia mlango. Nikaona jina lako linaoza ndani ya moyo wa mtu ambaye maoni yake ndiyo yaliyokuwa na maana kwako, na mimi ndiye shahidi pekee, na shahidi hasadikiwi. Siku moja nikaweka kikombe chini, nikamwambia, "Shemeji, mimi nimechoka kueleza. Twende ukaone kwa macho yako."

Alifikiri kidogo tu, akafunga duka. Nasimiyu binti yenu aliomba likizo hospitalini anakofanya kazi, akatuendesha, maana haikufaa mimi na mjane kusafiri peke yetu. Mahema tuliazima kwa kijana anayepeleka watalii. Njia ni ileile. Ukishaingia Karamoja, vumbi ndilo linalokukaribisha.

Tulifika jua likiwa bado juu. Lokiru, askari wa mbuga anayelinda kambi, alitupokea, akaambiwa habari zako, akavua kofia akakaa nayo mkononi muda mrefu. Mkeo akamshukuru, kisha akaanza kazi iliyomleta. Alizunguka kambi yote. Alichungulia chooni. Alipita nyuma ya mawe. Akauliza nyumba za watu ziko wapi, akaonyeshwa milima ya bluu, mbali. Mwishowe akamkabili yule askari, akamuuliza bila kuzunguka kama mzee wake aliwahi kuja pale na mwanamke.

"Mwanamke gani, mama?" Lokiru akasema. "Huyo mzee, hata ndege ikilia, anasema nyamaza, sikia. Kelele ilikuwa ya huyu Hajji tu."

Nasimiyu alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Mimi sikuudhika hata kidogo. Nilihisi mzigo unashuka mabegani. Nikaketi, nikangoja Mama Nasimiyu ageuke aniite shemeji.

Hakugeuka. Alikwenda kuketi juu ya lile jiwe pana, mahali pako, bila kuonyeshwa na mtu. Nyati walikuwa wanashuka kwenda majini, weusi, wengi, bonde lote linatembea. Ngiri wakaja karibu wakapiga magoti kula nyasi, nikakumbuka ulivyokuwa ukisema wanapiga magoti kama wateja wanaotaka mali kwa mkopo. Nikataka kumwambia, nikaona mabega yake, nikanyamaza. Nilikaa kimya, Barasa. Ungejivuna.

Nyati wa kwanza walipofika majini akasema, "Hajji, heri ingekuwa mwanamke."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, bila kunitazama. "Mwanamke ningemwelewa. Ningemshinda, au ningemzoea. Lakini alikuwa na hiki chote, mwaka baada ya mwaka, akirudi nyumbani ananiambia alichoka na vumbi."

Kisha akaniuliza ulikuwa ukiniambia nini juu yake. Nilimjibu ulivyoniambia. Si mara moja nilikuuliza kwa nini usimlete, na kila mara ulisema Mama Nasimiyu anaogopa nyoka, hapendi pori, kwamba ukimlaza nje usiku mmoja ataugua wiki nzima.

Akanigeukia sasa. Alisema baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo yeye ndiye aliyechunga ng'ombe wake mlimani mpaka siku ulipokwenda kumposa. Nyoka amewaua kwa jembe. Usiku amelala nje na ndama wagonjwa, akihesabu nyota. Unayajua hayo. Ulikula ng'ombe haohao harusini. Na yeye ulimwambia nini? Ulimwambia kambi ile ni ya wanaume, kwamba sheria ya mbuga haiwaruhusu wanawake. Lokiru alikuwa anapasua kuni pale karibu, akasema tu, "Wanawake wanakuja hapa siku yote, mama," kisha akaona nyuso zetu akarudi kwenye kuni zake.

Barasa, nilikuwa nimebeba hasira kutoka Elgon mpaka Kidepo, hasira juu ya kaka yako, juu ya mjomba wako na mahindi yake, juu ya Nakivubo nzima. Ilinichukua dakika moja kuiona ikigeuka na kukutazama wewe.

Uliwaongopea watu wawili, kila mmoja kwa njia yake, kwa ajili ya jiwe la kukalia. Nimejaribu kukuelewa. Najua mchana kutwa uliitwa, bosi, jirani, baba, mzee wa kanisa, na kila aliyekuita alitaka kitu. Najua pale juu ulipata mahali ambapo hukuwa wa mtu. Hayo yote nayaelewa, na bado nimekasirika. Kueleza si kusamehe. Mke uliyekaa naye miaka yote hiyo alijua kunyamaza kuliko mimi na wewe pamoja. Angeketi kando yako na usingesikia hata pumzi yake. Badala yake ulimchukua mwalimu mzee asiyefunga mdomo, kisha ukalalamika kwa Lokiru juu ya kelele.

Asubuhi ya kuondoka alikataa kuondoka. Tukakaa siku nyingine. Alipika uji, akamwita Lokiru akanywa nasi, akamuuliza majina ya milima mmoja mmoja, akayarudia kwa sauti mpaka akayashika. Njiani kurudi aliniambia kwamba atakuja tena kiangazi kijacho pamoja na Nasimiyu na dada zake kutoka mlimani. Nikauliza, kwa upole, kama watahitaji mtu wa kuwaongoza. "Wewe shemeji umeshakaa vya kutosha," akasema. Kwa hiyo nimerudishiwa ushemeji, na nimenyang'anywa kambi, siku ileile moja.

Lala, rafiki yangu. Mwenyezi Mungu akurehemu na akusamehe, yeye huruma yake ni pana kuliko yangu. Nakuahidi hivi. Popote watakapoitaja ile nyumba ya pili, dukani, kanisani kwenu, hata kwenye uwanja wa ukoo wenu mbele ya kaka yako, nitasimama niseme haikuwepo, na waache wacheke kwamba naeleza sana. Lakini mkeo akikaa na kukusema, juu ya lile jiwe au popote, nitatazama chini nimwache amalize. Nitakutetea kwa watu wote, isipokuwa kwake.

Hajji wako