Siku Uliposema "Namujua"

Mpendwa Baba,

Leo mvua imenyesha mchana, na usingizi mwepesi ukanirudisha mtaani kwetu Kinama, kwenye mkeka wetu, bati likivuma juu ya vichwa. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya vita. Ulikuwa ukirudi kutoka kwenye ghala la Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, shati likinuka mawese, unaketi na kaye yangu, daftari langu la shule, magotini. Kwa Kilatini ulichosoma seminarini, kabla hujaacha njia ya upadri, ulinifundisha Kiingereza.

"Scio, najua," ulisema taratibu. "Humo ndimo science imetoka. Weka con mbele, maana yake pamoja. Unapata conscience. Kujua pamoja."

"Pamoja na nani?"

"Na Mungu. Ao na mutu mwenye anakutazama."

Kutoka Kigiriki ulinipa gnosis, maarifa, na ndugu zake: ignorant, asiyejua, recognize, kumjua mtu kwa mara ya pili. Nilikuwa nikisinzia kabla hujamaliza, maneno yakiendelea kuelea chumbani pamoja na harufu ya makaa.

Ikafika asubuhi ya mtihani wa kazi ya ukalimani mjini. Ulinisindikiza kwa miguu. Njiani vijana wenye mapanga walikuwa wamemkalisha chini Salvatori, fundi mwashi aliyetujengea nyumba. Alikuwa wa kabila lingine, si letu wala lao.

"Muzee, huyu unamujua?" mmoja akakuuliza.

Ungetikisa kichwa tu, tungepita. Nilikuwa nimeshakuvuta mkono.

"Namujua," ulisema, ukaketi vumbini kando yake. Kisha, bila kunitazama: "Enda, mama. Mutihani haingoje mutu."

Nikaenda. Karatasi ilijaa maneno yetu, na mkono uliyaandika moja moja kana kwamba haukuwa wangu.

Jioni mlirudi wawili, wewe na Salvatori, bila viatu, jicho lako limevimba. Mama alikuwa akikukanda kwa maji ya moto uliponiuliza, "Neno gani limekushinda?"

"Hakuna, Baba."

Ukatabasamu, ukalala.

Kazi niliipata, ikatulisha miaka yote iliyobaki ya vita. Malaria ilipokuchukua, Salvatori alikuja matangani, akanivuta pembeni. Alisema walikuuliza tena na tena, kila swali na kipigo chake, na jibu lako halikubadilika hata mara moja. Mwishowe walichoka, wakawaachia.

Sasa nafundisha hapa Gihosha. Mizizi ile ile naiandika ubaoni, na mara nyingine nasahau darasa liko nyuma yangu.

Kuna jambo sikukuambia, Baba. Asubuhi ile, kabla sijafika kwenye kona, nilisikia wakianza kukupiga. Nilisikia vizuri. Sikugeuka, niliongeza mwendo. Nadhani ulijua, ndiyo maana jioni hukuniuliza kitu kingine chochote.

Lala salama, Baba, huko mvua isikokuamsha.

Ni mimi, binti yako