Baba, Nimemchagulia Nashipai Bodi

Baba yangu uliyelala Endulen,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ulisema mtoto aliyekimbia shule kidato cha pili hana cha kuandika zaidi ya jina lake. Sasa ona, naandika, na mkato naweka. Karatu yote hakuna anayeosha gari la watalii likang'aa kama ninavyoosha mimi. Madereva wananiita profesa. Ungekuwepo ungecheka kile kicheko chako cha puani, useme, "Profesa wa matope."

Unakumbuka jioni zile ulivyosimama langoni pa boma, fimbo begani, ng'ombe wakiingia kwa kusukumana? Mimi na vidole vyangu: mmoja, wawili... Ukaniwahi kofi la kisogoni. "Wewe layoni, kivulana usiyetahiriwa, unataka kuniulia mifugo? Ng'ombe hahesabiwi. Anatazamwa." Kisha ukatazama tu, ukasema yule mwekundu wa pembe iliyopinda hajarudi. Na kweli hakuwepo. Nashipai, mdogo bado, kakushika shuka, akauliza, "Baba, na nikihesabu kimoyomoyo?" Ukacheka. Yeye hukumpiga. Hilo sijasahau, mzee.

Huyo huyo Nashipai kamaliza kidato cha sita, na kafaulu uhasibu mpaka mwalimu wake akampigia Yeyo, mama yetu, simu. Mkopo wa chuo kakosa. Zikabaki njia mbili. Aende Dar akasome shahada ya biashara miaka mitatu, ng'ombe wako ndio walipe. Au abaki Karatu, loji moja imempa nafasi ya kusaidia ofisi ya uhasibu, asome jioni, afanye mitihani ya bodi ya wahasibu kuanzia hatua ya chini kabisa mpaka siku moja aitwe CPA, mhasibu kamili.

Mimi nilishatangaza kijiwe kizima cha kuoshea magari kwamba namsomesha mdogo wangu chuo kikuu.

Jumapili tukakaa bomani na baba mdogo. Nashipai akasema anataka shahada. "Bodi nitafanya baadaye, tena ukiwa na shahada kuna mitihani unaruka. Sitaki kuzeeka napanga hela za watu. Nataka kambi yangu ya watalii."

"Mhasibu si anakaa kivulini?" baba mdogo akamuuliza. "Unataka nini tena?"

"Baba mdogo, niambie tu. Ng'ombe wanatosha miaka mitatu?"

"Ng'ombe hawahesabiwi, mwanangu."

"Basi watazame."

"Macho yangu yamekwisha. Mwenye boma ni huyu."

Wakanigeukia. Nikaenda langoni nikasimama kama wewe, hata kikohozi chako nikakiiga. Ng'ombe wakaingia. Baba, sikuona kitu. Niliona migongo na vumbi. Kiangazi kimekula wengi, waliobaki ni wepi sijui. Gari nalijua kwa muungurumo likiwa bado kule kona, lakini ng'ombe wako siwajui, wala wao hawanijui. Na kuwahesabu nikaogopa. Mimi, ninayewacheka wenzangu kwa kuogopa bundi!

Nikarudi, nikakaza sauti: "Bodi."

Nashipai hakubisha. Unamjua, alikuwa anabishana na wewe hata juu ya sukari kwenye chai. Safari hii alisema, "Sawa, kaka," kama anavyomjibu mgeni. Yeyo hakuinua uso kwenye shanga zake. Baba mdogo akanipigapiga bega, akasema nimekuwa mwanamume.

Jana nimeshuka naye Karatu. Kule juu ukungu ulikuwa umeifunika kreta yote, nikamtania kwamba akiwa bosi atanilipa kwa cheki na saini yake haitasomeka. Akageukia dirisha. Tulipofika geti la loji nikajaribu tena, "Utafaulu tu, una damu yangu."

"Nitafaulu," akasema, akachukua begi lake mkononi mwangu. "Lakini usiwaambie watu kwamba ulinichagulia vizuri."

Sijawaambia. Leo kijiweni wananiuliza, "Profesa, mdogo wako anaenda Dar lini?" Nawasha pampu ya maji. Ina kelele nyingi ile pampu, mtu akiuliza mara ya pili husikii.

Pumzika, mzee. Kuna magari mawili yananisubiri, yametoka Serengeti, yana tope mpaka kwenye vioo.

Mwanao wa kwanza,
kaka yake Nashipai